"Si Chanya" Maana Yake Si "Hasi"

Tunapotafsiri maswali ya hisabati darasani, wengi wetu hutaabika kusaka istilahi na kusahau ukanushi. Istilahi tunazo: chanya, hasi, sifuri. Kinachomwangusha mtahiniwa aghalabu ni kile kineno "si".

Chukua swali kama hili: "Ikiwa x si namba chanya, je, x ni namba hasi?" Mwanafunzi hujibu "ndiyo" pasipo kusita, wala hatuna haki ya kumcheka. Maneno haya ameyasikia sana katika majibu ya kupima damu, ambako kwa kawaida asiye hasi ni chanya. Nasi walimu wa sarufi tumemzoesha kuwa sentensi ni yakinishi au kanushi, basi. Lakini katika namba yupo wa tatu, sifuri, ambayo si chanya wala si hasi.

Mahali pa ukanushi napo pana hatari yake. "Si lazima jibu liwe chanya" na "lazima jibu lisiwe chanya" ni sentensi mbili zenye maana mbalimbali, ingawa nimeziona zikibadilishana nafasi katika tafsiri moja. Zidisha x kwa x: si lazima jibu liwe chanya, kwa kuwa x yaweza kuwa sifuri. Ukisema lazima lisiwe chanya, umesema uongo. 3 mara 3 ni 9, na -3 mara -3 ni 9 vilevile.

Usomaji wa alama nao una lawama. Tukisoma -x kuwa "hasi eksi", tumekwisha kumpa mtoto jibu, tena la kupotosha: x ikiwa -4, basi -x ni 4. Mimi napendelea "kinyume cha x".

Hapa Uganda, ambako hisabati ya madarasa ya juu hufundishwa kwa Kiingereza, hili laweza kuonekana zoezi la tafsiri tu. Kwa jirani zetu wa Tanzania, ambako shule nyingi za msingi za serikali huifundisha kwa Kiswahili, ni alama za mtoto. Joto la nyuzi 3 likishuka *kwa* nyuzi 5 huwa -2; likishuka *hadi* nyuzi -5, ni -5. Mtungaji anayeandika "lilishuka nyuzi 5" na kuacha kihusishi atasahihishaje?