Kifafa hakikuli ubongo kila mwaka: nasoma tena utafiti wa ENIGMA

Wasomi wenzangu, watu wanarushiana kwenye telefone maneno haya: «Kifafa kinakula ubongo kila mwaka.» Mwenye kuanzisha maneno hayo anataja utafiti wa kundi ENIGMA, uliotoka mu jarida Brain mwaka 2020. Utafiti uko kweli, tena ni kazi kubwa. Lakini hausemi vile.

Walikusanya picha za IRM za watu wazima: wagonjwa 1 249 na wasio na kifafa 1 069, mu vituo 21. Waliangalia nyuzi nyeupe, zile zinazopitisha habari toka sehemu moja ya ubongo kwenda ingine. Wanapima mwendo wa maji ndani yake. Nyuzi ikiwa nzima, maji yanafuata njia moja, sawa mu mufereji uliochimbwa muzuri. Ikilegea, yanatawanyika. Kwa wagonjwa yalitawanyika zaidi, hasa kwa kundi lenye kovu mu hipokampusi, sehemu ya kumbukumbu. Na mu kundi hilo, walioanza kugonjwa wangali wadogo na waliokaa na ugonjwa miaka mingi njo walionekana vibaya kupita wengine.

Sasa shida iko wapi? Kila mutu alipigwa picha mara moja tu. Sisi wa agronomi tunajua hiyo: ukipima udongo siku ya kuvuna peke yake, huwezi kusema ni muhogo uliomaliza rutuba. Pengine shamba lilikuwa vile mbele ya kupanda. Nyuzi zinaweza kuwa zililegea kabla ya kifafa, ao juu ya kifafa, ao juu ya dawa. Tena tofauti yenyewe ni ya wastani wa kundi, na mara nyingi ni ndogo. Hakuna mutu anaweza kuchukua wastani huo na kumwambia mama: akili ya mutoto wako itaisha.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Waligawa wagonjwa mu makundi manne, na kifafa kinachofuatana na onkoserkozi, ule upofu wa mto, hakimo. Lakini kule Logo mu Ituri, na Mahenge kwa Watanzania, watafiti wamekiona sana. Hakuna hata kituo kimoja cha Kongo mu vile 21.

Halafu ile hesabu ya «miaka ya ugonjwa». Wale wanafuatwa mu hospitali kubwa, na dawa wanapata. Miaka 20 yao na miaka 20 ya mutu wa kijiji asiyewahi kumeza kidonge hata kimoja, utaweka mu safu moja namna gani?

Maneno ya telefone yanafanya kazi yake hapa Kibombo. Muzazi akisikia ubongo unaliwa, anatoa mutoto kwenye masomo: ada ya nini tena? Na tayari kuna wanaoogopa povu ya mugonjwa, hata akianguka mu moto hawamugusi, wakati kifafa hakiambukizwi na povu.

Fenobarbitali inatibu kifafa tangu 1912. Bei yake ni ndogo, na OMS imeiweka mu orodha ya dawa za lazima. Haiombi IRM. Wenzetu wa zone ya afya ya Kibombo mnaosoma hapa, mutuambie: iko mu vituo vingapi, na inakaa miezi mingapi bila kukatika?