Kibuyu Kinachosafishwa kwa Kaa la Moto

Mursik, maziwa yanayogandishwa kibuyuni, hufaulu au huharibika kabla ng'ombe hajakamuliwa. Wakalenjin wa Kericho, Bomet na Nandi, nchini Kenya, wanalijua hilo, ndiyo maana kazi yao kubwa haiko kwenye maziwa. Maziwa huchemshwa, yakapoa, yakamiminwa kibuyuni na kuachwa siku kadhaa yagande yenyewe. Ustadi umo katika kukiandaa kibuyu, au sotet kama wenyewe wanavyokiita.

Kibuyu ni chombo kigumu kusafisha. Shingo yake ni nyembamba, mkono haupiti. Ndani ni giza, na ukuta wake una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mafuta ya maziwa hunata humo, hasa begani, pale shingo inapoanza kupanuka. Masalia ya juzi yakibaki hapo, maziwa mapya yatavunda badala ya kuganda. Sabuni nayo haisaidii, kwani kibuyu huinywa harufu yake kisha kikairudisha kwenye maziwa.

Basi hutumika maji moto na sosiot, ufito wa mkindu uliopondwa ncha hadi nyuzi zikachambuka na kuwa brashi ndefu. Mtazame mama aliyeizoea kazi hii. Hasugui kwa nguvu. Mkono wa kulia unazungusha ufito, wa kushoto unakigeuza kibuyu upande wa pili, taratibu, ili nyuzi zipite kila mahali bila kukwaruza. Anakitikisa, anamwaga. Maji ya kwanza hutoka meupe kwa maziwa, yanayofuata hutoka na chembe nyeusi za mkaa wa zamani. Ataendelea hadi maji yatoke kama yalivyoingia, kisha atakiinamisha kibuyu juani kikauke barabara.

Hapo ni nusu ya safari. Iliyobaki ni ya moto, na moto wenyewe una mti wake: senetwet, kichaka cha maua ya manjano yaliyosimama wima, chenye vichomozo vyeusi nchani. Kijiti chake kikavu huchomwa hadi kikawa kaa jekundu, kikaingizwa kibuyuni, kikasagwa kwa ufito dhidi ya ukuta. Joto humaliza unyevu uliobaki na kuua vijidudu vilivyo juu juu, moshi hupenya kwenye vitundu, na unga laini mweusi hujipaka pande zote. Uliozidi hukung'utwa. Huko ndiko inakotoka rangi ya kijivu ya mursik, pamoja na ladha ya moshi ambayo wanariadha huionja wanaporejea nyumbani na medali na kupokewa kwa kibuyu kwenye uwanja wa ndege.

Utaratibu huo haupinduliwi. Ukitia moshi juu ya uchafu umejidanganya, maana vijidudu hujikinga chini ya uchafu. Watu wa Ulaya na Marekani wanaojipikia bia nyumbani nao hushika kanuni hiyohiyo: osha kwanza, dawa ya kuua vijidudu baadaye. Ila mwisho wao ni tofauti. Mpika bia hutaka chombo kitupu kadiri inavyowezekana, kisha humwagia hamira aliyoichagua mwenyewe. Mwenye kibuyu mara nyingi haongezi chochote. Bakteria wa kugandisha maziwa wamejificha ukutani tangu safari iliyopita. Maziwa yaliyochemshwa yanawasubiri wao.

Kwa hiyo kazi hii ina mipaka miwili. Ukiosha pungufu, maziwa yatavunda. Ukikisafisha kupita kiasi, utawafukuza wafanyakazi pamoja na wezi. Kifaa cha kupimia ni pua tu. Kabla ya kumimina maziwa, mama huinamia mdomo wa kibuyu na kuvuta pumzi. Akisikia uchachu wa kale wenye uvundo, kibuyu kinarudi kwenye maji moto, hata kama jua limeshazama na maziwa yamepoa. Akisikia moshi mkavu, anamimina na kufunika.

Namna ya kuzungusha ufito hufundishika kwa asubuhi moja. Kunusa huchukua miaka, na ni kunusa huko kunakofanya mursik ya nyumba moja ipite ya jirani, ilhali ng'ombe wao wanalishwa kwenye kilima kimoja.