Upepo wa Kiasi

Tunda la mbigili likikauka hupasuka vipande vitano, na kila kipande, hata kianguke vipi, hubaki na mwiba mmoja uliotazama juu. Kwenye vijia vya Singida mmea huu hutambaa pembezoni mwa njia mvua zinapokatika, na ikifika Juni mbegu zake zimeshatapakaa kila mahali. Juu ya hapo kuna migunga. Matawi yake hukatwa kuzungushia mazizi, huburutwa njiani, na njia ya ng'ombe ndiyo hiyo hiyo njia ya baiskeli. Mkoa mzuri sana kwa fundi wa pancha. Kwa tyubu, ni balaa.

Ndiyo maana mafundi baiskeli wa huku, wale wa chini ya mti wenye karai la maji, pampu ya kukanyagia na boksi la viraka, wana mkono ambao si rahisi kuukuta kwingine. Mtazame aliye hodari. Akishaona mapovu yanatoka wapi, haendi mbio kubandika. Anaisugua tyubu kwa msasa mpaka weusi wake ufifie, anapaka solusheni, kisha anaiacha. Wateja wengi hudhani amesahau, kumbe anasubiri solusheni ikauke, kwa kuwa kiraka kinachobandikwa kwenye gundi mbichi kitabanduka kabla hujafika Ikungi. Wakati huo anaingiza vidole ndani ya tairi na kulipapasa duara zima, polepole, akitafuta ncha ya mwiba iliyobaki. Fundi mvivu huiruka hatua hii, na mteja wake hurudi baada ya nusu saa akimlaumu shetani.

Mwisho kabisa huja upepo. Baiskeli ya Phoenix iliyobeba gunia la vitunguu kwenda soko la Misuna hujazwa mpaka tairi liwe gumu kama gogo, ukiligonga kwa kifundo cha kidole linalia. Hilo halifanywi kwa sababu tairi gumu hukimbia zaidi. Tyubu ndiyo inayolazimisha. Tairi likiwa laini, gurudumu likapiga jiwe, rimu hushuka na kuibana tyubu dhidi ya jiwe, ikaitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba. Basi mwenye baiskeli hujaza, kisha anavumilia: kwenye mchanga gurudumu linazama, kwenye mawe linaruka, na mgongo unalipa gharama. Vizazi vya waendesha baiskeli tumeamini kwamba tairi gumu ndilo tairi zuri, kumbe tulikuwa tunailinda tyubu.

Tairi lisilo na tyubu si jambo geni kwa mafundi wa kando ya barabara kuu, maana magari yamekuwa nalo tangu miaka ya 1950. Kwa baiskeli za milimani habari ilianza 1999, pale kampuni ya Mavic ya Ufaransa, ikishirikiana na watengenezaji wa matairi Hutchinson na Michelin, ilipotoa rimu isiyo na matundu ya spoki kwa ndani. Ilikuwa nzito na ya bei. Aliyeshusha jambo hili kwa watu wa kawaida ni Mmarekani Stan Koziatek, kwa tepu ya kuziba matundu ya spoki na gundi ya maji inayozunguka ndani ya tairi. Wanaoipenda sana gundi hiyo ni watu wa majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani, na adui wao ni yule yule wetu: mbigili ilifika kwao kutoka upande huu wa dunia.

Siku hizi baiskeli za milimani zinaingia Singida kwa mtumba, na nyingine hupita na wasafiri wanaoshuka kutoka Babati kwenda Manyoni, Itigi, Rungwa hadi Mbeya. Fundi niliyemtazama akifanya kazi hii ya kuondoa tyubu mjini alianzia kwenye Phoenix kama wenzake. Kazi yake ni ya taratibu hadi inakera, na ndiyo raha ya kuitazama.

Kwanza usafi. Anafuta rimu kwa spiriti mara mbili, ya pili kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kwa kuwa alama moja ya mafuta ya mkono itaifanya tepu iachie. Tepu yenyewe inazidi upana wa ndani wa rimu kwa milimita chache, ipande kidogo kwenye kuta. Anaivuta kwa nguvu mpaka inalia, huku kidole gumba cha mkono wa pili kikiisukuma kutoka katikati kwenda pembeni kufukuza hewa. Inazunguka gurudumu zima, inapita tundu la valvu, na kupandana kiasi cha kiganja. Tundu halikati kwa kisu. Ana spoki aliyoichonga ncha. Anaipasha moto na kuipenyeza, tepu inayeyuka mviringo safi usio na pembe ya kuchanikia. Nati ya valvu anaikaza kwa vidole tu. Kijana wake alipomletea koleo akatikisa kichwa: "Huyu akipasukiwa porini na tairi likachanika kabisa, ataifungua na nini atie tyubu?"

Tairi linavaliwa kwa mikono, kuanzia upande wa pili na kumalizia kwenye valvu. Hilo lina sababu. Katikati ya rimu kuna mfereji. Ukingo wa tairi ukizama humo unapata ulegevu wa kumalizia kipande cha mwisho. Valvu imesimama ndani ya mfereji huo, ukimalizia mbali nayo inakunyima ulegevu unaoutafuta. Wanaopindisha vyuma na kuharibu rimu mara nyingi wamekosa tu kujua hili.

Kisha povu la sabuni kwenye kingo, na moyo wa valvu unatolewa ili upepo uingie kwa wingi kwa mpigo mmoja. Pampu ya kukanyagia haiwezi. Kompresa wanaazima kwa jirani wa matairi ya magari. Upepo unaingia, tairi linavimba, halafu mlio: pa! Na wa pili: pa! Kingo zimekaa. Watazamaji hucheka, lakini fundi ameshainama, anazungusha gurudumu na kuufuata kwa macho mstari mwembamba uliochongwa kwenye tairi karibu na rimu. Mstari ukizama mahali popote, ukingo haujakaa sawa, na kazi inarudiwa.

Baada ya hapo anatoa upepo na kuingiza gundi, kama mililita 100 kwa gurudumu la inchi 29 lenye tairi la upana wa inchi 2.3. Gundi nyingi za aina hii ni utomvu wa mpira, ule ule unaogemwa kwenye mashamba ya Kihuhwi kule Muheza, uliotiwa dawa usigande chupani, pamoja na chembe ndogo za kushika tundu. Mwiba ukitoboa, upepo husukuma utomvu nje, unakutana na hewa na kuganda mlangoni. Anatikisa gurudumu, analilaza upande huu, kisha upande ule, na vitone vyeupe vinatokeza kwenye kuta, vinachemka kidogo, vinanyamaza.

Kiangazi cha Singida, na upepo wake usiochoka, huikausha gundi hiyo upesi kuliko nchi za baridi. Yeye huwaambia wateja wakague kila miezi miwili: tikisa gurudumu karibu na sikio, usiposikia maji yakicheza, ongeza.

Hapo ndipo inapoanza kazi ninayoiona kubwa kuliko zote, ya kuchagua upepo. Tyubu ikishaondoka hakuna cha kubanwa, kwa hiyo kiasi kinaweza kushuka. Kishuke hadi wapi? Fundi hakugusa geji. Aliuliza kwanza: una kilo ngapi, unabeba nini, unakwenda wapi. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye tairi la inchi 2.3, alianza na paundi 22 mbele na 25 nyuma. Nyuma hupewa zaidi kwa kuwa ndiko uzito ulikokaa. Kisha akamtuma aende kwenye mawe. Mmarekani Frank Berto alipendekeza kwamba tairi lililokaliwa lishuke asilimia 15 ya kimo chake. Ni mwanzo mzuri. Lakini mwendeshaji aliporudi fundi aliuliza maswali mawili tu: rimu imegonga jiwe? Tairi limeyumba kwenye kona? Yote hapana. Akatoa paundi moja, akamtuma tena. Alirudia hivyo mpaka jibu moja likawa ndiyo, ndipo akarudisha paundi mbili.

Ukiuliza kwa nini ahangaike, jibu liko kwenye kokoto. Tairi gumu likikutana na jiwe dogo humnyanyua mwendeshaji na mzigo wake wote. Tairi laini hulimeza jiwe na kuendelea. Nguvu ya kunyanyua imetoka miguuni, na hairudi. Kwenye mchanga wa kuelekea Rungwa anashusha zaidi ili tairi litandike badala ya kuzama. Kwenye lami ya kupanda Sekenke anapandisha, maana huko hakuna cha kumeza, na tairi laini linavuta tu. Kikomo kilichoandikwa kwenye rimu na tairi hakivuki hata aombwe vipi.

Geji nayo ina vituko vyake. Singida iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Tairi lililosoma paundi 25 Dar es Salaam litasoma kama 27 hapa bila mtu kuongeza kitu. Jua linaongeza lake: asubuhi ya Julai yenye nyuzi 15 na tairi lililofika nyuzi 40 mchana hutofautiana kwa paundi kama 3. Kwa hiyo hupima kivulini, asubuhi, gurudumu likiwa baridi. Kidole gumba anakiamini kwenye tairi alilolizoea, ila akipokea aina mpya hukiweka kando, kwani ukuta mnene hudanganya kidole.

Kilichoniongezea heshima kwake ni kazi aliyoikataa. Kijana mmoja alileta Phoenix ya kubebea mkaa, na fedha mkononi, akitaka naye aondolewe tyubu. "Iache na tyubu yake, mdogo wangu," fundi alimwambia. "Rimu hii haikutengenezwa kushika ukingo, na chupa ya gundi itakula fedha ya pancha zako za miezi." Nakubaliana naye. Kwa mzigo ule, na bei ya kiraka ilivyo, tyubu iliyojazwa vizuri bado inafaa.

Basi wewe mwenye baiskeli ya milimani, ukifika Singida usimtafute mwenye kompresa kubwa. Mtu akikuuliza uzito wako na njia unayokwenda kabla hajashika pampu, mwachie baiskeli.