Weathering: kitabu cha Marekani, na Batwa wa Kahuzi-Biega

Wandugu, wiki hii tuzungumuze kitabu: Weathering ya Arline Geronimus, profesa kwenye chuo kikuu cha Michigan, yenye ilitoka mwaka 2023. Nimeisoma kwa Kiingereza, pole pole, na ninawashauri muisome. Lakini kuko mambo mawili yenye ninaibishia.

Anasema nini? Kwamba ubaguzi hauumize roho tu. Mtu mwenye kuzarauliwa kila siku, mwili wake unakaa kama unangojea vita: moyo unapiga mbio, tansio inapanda, sukari inaongezeka ndani ya damu. Kwa saa moja inasaidia, njo inamuwezesha mtu kukimbia hatari. Kwa miaka makumi mbili inaharibu moyo na mishipa, na mtu anazeeka mbele ya wenzake wa umri moja.

Mwaka 1992 alionyesha jambo yenye ilishangaza wengi: kule Marekani, watoto wachanga wa mama weusi wenye kupita miaka 20 walikuwa wanakufa zaidi kuliko wa mama weusi wenye hawajafika 20. Kwa wazungu ilikuwa kinyume. Mwaka 2006, yeye na wenzake walitazama alama za kuchoka kwa mwili, kama vile tansio na sukari. Wanawake weusi wenye hawakuwa maskini walikuwa na hali mbaya kuliko wanawake wazungu maskini. Kwa hiyo huwezi tena kujibu: "Ni umaskini tu." Hapo kitabu kiko na nguvu sana.

Shida yangu ya kwanza ni jina. Siye wa agronomia, kwa somo ya udongo, tulijifunza altération: jua, mvua na baridi vinavunja jiwe mpaka inakuwa udongo. Njo maana ya ile neno ya Kiingereza. Lakini mvua haichague jiwe, na haina mwenyewe. Zarau iko na mwenye kuitoa. Ndani ya kurasa mwandishi anataja sheria na watu, ni kweli, lakini jina njo linabaki kichwani, na linaficha mkono wenye kupiga.

Shida ya pili: karibu mifano yote ni ya Marekani, na sisi wa Bukavu tunaweza kuisoma kama filme ya watu wengine. Lakini mwandishi mwenyewe anaonyesha kama hata wazungu maskini wa milima ya Kentucky wanachakaa mapema. Basi ugonjwa hautoke kwa rangi ya ngozi. Unatoka kwa namna mtu anatendewa.

Kama ni hivyo, tutazame Kabare na Kalehe. Parke ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na Batwa wakafukuzwa ndani ya pori. Walipoteza nyama, asali na miti ya dawa kwa mara moja. Leo wengi wanaishi pembeni ya mashamba ya wengine, na kuko majirani wenye hawakubali kunywa nao kwa kikombe kimoja. Weusi kwa weusi. Sheria ya kulinda haki zao ilitoka tarehe 15/7/2022, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kama Kongo ilivunja haki zao. Ile kikombe, hakuna sheria yenye inaigusa.

Geronimus hakupima Batwa, kwa hiyo hatuwezi kuchukua namba zake na kuzibandika huku. Lakini anatunyanganya jibu moja ya rahisi. Mtu wa miaka 40 akionekana muzee, tunasema: "Hawapende kulima, hawajue usafi." Kisha tunawapelekea majembe na sabuni, bila udongo wa kulima.

Wenye munatafuta mada ya memware, zaidi wa afya ya jamii: pimeni tansio ya Batwa na ya majirani wao, umri kwa umri, na muulize kila mmoja anatendewa namna gani sokoni na kwa munganga. Mashine ya tansio haina bei kubwa.