Tazama Maungio: Jinsi ya Kuipima Sinema ya Mazingaombwe

Mwaka 1896 Georges Méliès alitandika gazeti sakafuni, akaweka kiti juu yake, akamketisha mwanamke na kumfunika kitambaa. Alipokivuta kitambaa, mwanamke hayupo. Filamu nzima haifiki dakika moja na nusu, na siku hizi mwenye simu yeyote anaweza kuitazama. Wengi huitazama mara moja, wakatabasamu, wakapita. Mimi nakuomba uitazame mara tatu, na hiyo mara ya tatu mwache mwanamke, tazama gazeti.

Katika ukumbi wa mazingaombwe gazeti lilikuwa ushahidi kwamba sakafuni hakuna tundu wala mlango wa siri. Mbele ya kamera halikuwa na kazi. Kamera ilisimamishwa, mwanamke akainuka akaondoka zake, kamera ikaendelea. Lakini Méliès alilitandika hata hivyo. Alikuwa na ukumbi wake mwenyewe wa mazingaombwe jijini Paris, Théâtre Robert-Houdin, alioununua mwaka 1888, na alipohamia kwenye mkanda alikuja na adabu ya jukwaani: mtazamaji haibiwi, anahakikishiwa kwanza kisha anashangazwa. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza kwa sinema yoyote ya aina hii. Je, fundi amejisumbua kumheshimu mtazamaji mahali ambapo asingekamatwa?

Mwanamke yule ni Jehanne d'Alcy, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mke wa Méliès. Waliomwona Mama Jeanne katika filamu ya Hugo ya mwaka 2011 wameshakutana naye, akiigizwa na Helen McCrory. Hugo ni kisa cha mtoto yatima anayeishi ndani ya kuta za stesheni ya Montparnasse mwaka 1931, akizitia ufunguo saa za stesheni kwa siri, mpaka anapogundua kwamba mzee mwenye hasira anayeuza vitu vya kuchezea pale stesheni ni Méliès mwenyewe. Imeongozwa na Martin Scorsese kutokana na kitabu cha Brian Selznick cha mwaka 2007. Naipendekeza kwa familia bila kusita. Lakini ili uione vizuri, jifunze kwanza kumpima mzee yule kwa kazi ya mikono yake.

Anayenunua kitanda kwa fundi seremala hadanganyiki na vanishi, huinama akatazama maungio. Kwa Méliès maungio ni pale picha mbili zinapokutana. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siri hiyo aliipata kwa bahati: alikuwa akipiga picha Place de l'Opéra, mkanda ukakwama, na alipouonyesha baadaye basi la farasi likageuka gari la maiti. Kisa kitamu, ila hakielezi ufundi. Kamera ya kuzungushwa kwa mkono haisimami ghafla wala kuanza ghafla. Ikipunguza mwendo, picha chache hupata mwanga mwingi na kuacha weupe unaomulika machoni. Watafiti waliokagua mikanda iliyobaki wamekuta kwamba kwenye mageuzi haya mkanda umekatwa kwa mkasi na kugundishwa. Yaani baada ya kupiga picha aliketi mezani, akachagua fremu ya mwisho ya kabla na ya kwanza ya baada, akaziunganisha.

Kwa hiyo likifika tukio la mtu kugeuka moshi, usimtazame mtu huyo. Watazame walio pembeni yake. Katika Safari ya Mwezini ya mwaka 1902, viumbe wa mwezini wakipigwa mwavuli hupasuka na kuwa wingu la moshi. Kazi ni mbovu ikiwa waigizaji wengine wote wanaruka kidogo kwa pamoja, kama waliosukumwa. Kazi ni nzuri ikiwa mkono ulioanza kushuka kabla ya mkato unaendelea kushuka baada yake, kwa kasi ileile. Mwigizaji aliambiwa agande, akabaki na mwavuli hewani huku mwenzake akiondolewa na moshi kuwashwa, kisha akamalizia pigo kana kwamba hakuna kilichotokea. Tazama pia upindo wa koti na mahali pa kisigino. Mimi huanza na visigino, kwa sababu hakuna anayekumbuka kuvikumbuka.

Ipo filamu nyingine ya mwaka 1901 ambayo naiweka juu ya zote kwa usafi. Mwanakemia anaweka kichwa mezani, kichwa ni chake mwenyewe, anakipuliza kwa mivuo kama anayejaza mpira upepo. Kichwa kinavimba, kinavimba, kinacheka, mwisho kinapasuka. Hakuna kilichovimba. Méliès aliketi kwenye kigari kilichovutwa kuelekea kamera mbele ya pazia jeusi, na picha hiyo ikawekwa juu ya picha ya chumba. Lakini hebu fikiri: kitu kikisogea karibu na kamera hukua juu na chini pia, hivyo kidevu kingeshuka chini ya meza. Ndiyo maana kigari kilipandishwa kwenye mteremko, kiasi kwamba kadiri kichwa kilivyokua, kidevu kilibaki palepale juu ya meza. Weka kidole chako kwenye kioo cha simu, kwenye kidevu, uone. Mteremko ukikosewa kidogo tu, kichwa kinaelea au kinazama. Huu ndio ufundi.

Zile za kujirudufu zipimwe kwa kuhesabu. Mwaka 1900 alijaza wanamuziki saba katika viti saba, wote ni yeye. Mkanda ulirudishwa nyuma ndani ya kamera na kupigwa upya kwa kila mwanamuziki, na kosa la wa saba lingewaharibu wote sita waliotangulia. Ubora uko kwenye macho: wanamuziki hawa wanatazamana, na kila mmoja anamtazama mwenzake ambaye hayupo pale.

Rangi inahitaji jicho la namna nyingine. Mikanda ya wakati ule ilisoma nyekundu kama nyeusi na bluu kama nyeupe, hivyo Méliès alipaka mandhari zake kwa vivuli vya kijivu tu. Rangi unazoziona katika nakala chache zilitiwa kwa brashi juu ya mkanda uliokwisha kuchapwa, katika karakana ya Elisabeth Thuillier mjini Paris, kila mwanamke na rangi yake moja, akimaliza anampitishia mwenzake. Fremu moja ina upana wa kama milimita 25. Safari ya Mwezini ya dakika 14 ina fremu zaidi ya 13,000. Kwa hiyo rangi ya mkono wa mtu lazima itetemeke: nyekundu ya joho inavuka mshono fremu hii, inarudi ndani fremu ijayo, na nguo yote inapumua. Ukikuta nakala ambayo rangi imetulia tuli kama ukuta, hiyo imetiwa na kompyuta juzi. Nakala halisi ya rangi ya filamu hii ilidhaniwa imepotea kabisa, ikatokea Barcelona mwaka 1993 ikiwa imegandamana, na baada ya kazi ya miaka mingi ya kubandua na kutengeneza ikaonyeshwa Cannes mwaka 2011.

Mwaka huohuo ndipo Hugo ilipotoka, na sasa unaweza kuipima kwa macho yaliyonolewa. Hugo ni filamu ya pande tatu, ya kwanza kwa Scorsese. Wengi waliotengeneza filamu za pande tatu miaka ile walitosheka kutupia watazamaji vitu usoni. Hapa mpiga picha Robert Richardson ameijaza hewa yenyewe: mvuke, theluji, vumbi linaloelea kwenye mwanga wa madirisha, mpaka unahisi umbali kati ya mtoto na saa yake. Pale inspekta wa stesheni anapoinama kumhoji Hugo na uso wake unazidi kusogea na kukua, mimi nilimwona mwanakemia na mivuo yake. Ni kichwa kilekile kinachovimba, miaka 110 baadaye, na safari hii kinatisha. Scorsese hakutoa somo hapo, ameutumia tu urithi.

Tazama pia karakana ya vioo ya Méliès ya Montreuil ilivyojengwa upya, na ile picha ya chini ya bahari ambapo kamera inapiga kupitia tangi la samaki. Mandhari ya Dante Ferretti yalipata tuzo ya Oscar, moja kati ya tano za filamu hii, na ilistahili. Mbao zinaonekana mbao, na rangi ya ukutani ina alama za brashi.

Na mtoto? Waswahili husema yatima hadeki. Hicho ni kipimo kizuri kuliko machozi. Filamu nyingi za yatima humdekeza mtoto mbele ya kamera ili tulie. Hugo wa Asa Butterfield haombi kuonewa huruma. Anaiba mkate na chupa ya maziwa huku akikimbia, na mikono yake inatulia pale tu inaposhika bisibisi. Mwanasesere wa chuma anayeandika, aliyeachiwa na baba yake, ndiye jamaa yake pekee. Wazo la mwanasesere huyo halikutoka hewani: mjini Philadelphia, katika Franklin Institute, yupo mmoja aliyefika mwaka 1928 akiwa ameungua. Alipotengenezwa akaanza kuchora na kuandika, na mwisho wa shairi akaandika jina la aliyemuunda, Maillardet. Jina la fundi lilikuwa limehifadhiwa ndani ya mashine muda wote huo.

Hugo ina kasoro. Kufukuzana na inspekta kumezidi, na watoto wadogo huanza kuchezacheza kitini. Kuhusu filamu ya kale ya ndugu Lumière ya treni kuwasili, Scorsese anatuonyesha watazamaji wakijikinga kwa woga. Huo ni uvumi mtamu usio na ushahidi wa maana wa wakati ule, na filamu inayopenda ukweli wa mikono ingeweza kuuacha. Ndoto ya Hugo ya treni kuvunja ukuta wa stesheni, kinyume chake, ni kweli: tarehe 22 Oktoba 1895 treni kutoka Granville ilishindwa kusimama, ikatoboa ukuta wa Montparnasse ikaangukia barabarani, na mwanamke mmoja aliyekuwa chini akafa.

Kweli pia ni lile la viatu linalosimuliwa katika Hugo. Wakati wa Vita vya Kwanza jeshi la Ufaransa lilichukua nakala za filamu za Méliès likaziyeyusha, na sehemu yake ikawa visigino vya buti. Mtu huyu alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha viatu. Mwaka 1923 yeye mwenyewe akachoma mikanda mama iliyobaki. Kati ya filamu zaidi ya 500 alizotengeneza, tunazo takriban 200.

Kwa hiyo mkiimaliza Hugo usiku na watoto, msizime. Watafutie ile ya mwanamke, kiti na gazeti. Waonyeshe mara moja bila kusema neno, halafu waulize gazeti lile lina kazi gani, uwaache wabishane.