Khanga Moja, Dakika Kumi

Panga lilimteleza kijana akifyeka nyasi kando ya mtaro, likamchana mkono wa kushoto vidole vinne chini ya kiwiko. Nilipofika nilimkuta amekaa chini, na mama jirani amekwishanitangulia. Alikuwa ameikunja khanga yake mara tatu, ameiweka juu ya jeraha na kuikandamiza kwa kiganja, huku mkono wake wa pili umeushika ule mkono kwa chini ili kiganja kipate pa kuegemea. Nimeona majeraha mengi yakihudumiwa, lakini machache kwa ustadi ule.

Kilichofanya kazi pale ni uzito. Ukikandamiza, mshipa uliokatika unabanwa na damu inapungua kasi. Hapo ndipo chembe sahani zinapopata nafasi ya kushikamana kwenye mpasuko, kisha nyuzi za fibrini zinazifunga pamoja kuwa bonge. Kazi hiyo inataka dakika kadhaa bila bughudha. Kijana alitaka kuchungulia mara tatu. "Tulia mwanangu, bado," mama alimwambia, na kiganja hakikuinuka. Angefunua, bonge lingebanduka na kazi ingeanza upya. Khanga ilipolowa, nilivua shati nikalikunja. Akaliongeza juu bila kuiondoa ile ya chini. Dakika kumi zilipita hivyo.

Majirani nao walikuja na yao. Mmoja alileta kahawa ya unga. Unga hunyonya damu, ukadhani imekata, kumbe chini yake inaendelea, na baadaye mhudumu wa zahanati atalazimika kuusugua utoke. Majivu na udongo ni hatari zaidi: vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye samadi, na hustawi ndani ya jeraha lenye kina lisilopitisha hewa.

Mwingine alikwishafunga kamba ya katani juu ya kiwiko. Hili ndilo lililonitia hofu. Kamba nyembamba iliyokazwa nusunusu huziba mishipa inayorudisha damu moyoni, huku ateri za ndani zikiendelea kuileta, hivyo jeraha linavuja zaidi. Mama aliagiza ifunguliwe, na alikuwa sahihi. Kufunga kiungo ni kwa damu inayoruka au kumwagika bila kuzuilika hata ukikandamiza. Hapo tumia kitambaa kipana, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si juu ya kifundo, ukaze kwa kuzungusha kijiti mpaka damu ikate. Andika saa uliyofunga, na usilegeze hadi mfike hospitali.

Kasoro ya mama ilikuwa moja: alishika damu ya mtu kwa mikono mitupu. Mfuko wa mkate ungetosha kumkinga.

Hakumwagia maji, na nakubaliana naye. Mkato mdogo uoshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Mkubwa uliokwisha kuganda uache, usije ukaupasua upya. Alifunga kitambaa kwa nguvu juu ya vyote, akampandisha kijana kwenye bodaboda na kukaa nyuma yake, kiganja kikiwa palepale.

Kwenye zahanati, muuguzi alimwambia kijana kwanza akunje vidole kimoja kimoja, kujua kama kano zimesalimika. Akamuuliza alichomwa lini sindano ya pepopunda. Kijana hakukumbuka, akachomwa. Kisha akailowesha khanga kwa maji ya dripu, akaibandua taratibu kutoka ukingoni, na damu haikutoka.