Besi, baromita na shubiri moja ya maji

Ukimlipa mwongozaji akupeleke Ziwa Okeechobee, kule Florida, kutafuta besi mkubwa wa kupiga naye picha, halafu mkae tangu alfajiri chambo hakijaguswa, sababu utakayopewa naweza kuibashiri. "Baridi imeshuka kutoka kaskazini, presha ya hewa imepanda, samaki wamefunga midomo." Maelezo haya utayakuta kwenye video za uvuvi na kwenye programu za simu zinazoipa kila siku nyota zake. Yana sura ya sayansi kabisa: eti kibofu cha hewa cha samaki kinabanwa, anajisikia vibaya, hataki kula.

Hebu tupige hesabu, si ngumu. Hewa baridi inapoingia, mgandamizo unaweza kupanda, tuseme, kutoka hektopaskali 1005 hadi 1025. Tofauti ni 20, na inachukua saa nyingi. Sasa ingia majini. Kila sentimita moja ya kina huongeza karibu hektopaskali 1. Kwa hiyo lile badiliko zima, kwa samaki, ni sawa na kushuka sentimita 20. Shubiri moja hivi! Besi anayefukuza kisamaki kutoka kina cha mita 2 hadi mita 1 hupitia badiliko mara tano ya hilo ndani ya sekunde chache, na anafanya hivyo ili ale.

Watetezi wana jibu: kibofu cha besi hakina njia ya kutokea kooni, gesi huingia na kutoka polepole kupitia damu. Ni kweli. Lakini samaki anayekerwa na shubiri moja, si apande tu shubiri moja?

Kuna ushahidi mmoja unaowasaidia, na sitauficha. Mwaka 2001, kabla ya dhoruba ya Gabrielle kufika Florida, papa wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi waliihama ghuba ya Terra Ceia, na watafiti waliokuwa wakiwafuatilia walihusisha safari hiyo na kushuka kwa mgandamizo. Kumbe samaki anaweza kuhisi. Ila papa hana kibofu cha hewa hata kidogo, kwa hiyo hadithi ya kibofu haiokoki hapo. Na kukimbia dhoruba siyo kususa chakula.

Nisieleweke vibaya: siwaiti waongozaji waongo. Siku wanayosema ni mbaya, mara nyingi ni mbaya kweli. Wanachokosea ni mshtakiwa. Hewa baridi haiji na presha peke yake. Inakuja na usiku wa baridi, upepo uliogeuka, na anga jeupe lenye jua kali. Okeechobee ni ziwa pana lakini kwa wastani kina chake hakifiki mita 3, hivyo maji yanapoa haraka na upepo unatibua tope. Besi joto lake ni lile la maji. Maji yakipoa, mwili unapunguza kasi, na njaa nayo. Isitoshe, majike wazito zaidi, wale wa kupigiwa picha, ni wenye mayai, na huko husogea kwenye maji ya kina kifupi kati ya Januari na Machi, msimu uleule wa mawimbi ya baridi. Presha ilikuwepo eneo la tukio, basi ikakamatwa.

Utasema, tofauti iko wapi kama siku ni mbaya vyovyote? Iko kwa samaki. Wakati wa kiangazi maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na besi aliyechoshwa na mshipi kisha akainuliwa hewani kwa picha yuko hatarini kufa hata akiachiwa. Anayetazama kipimajoto ataona hatari hiyo. Anayetazama presha ataona nyota tano na kuwasha injini.

Halafu kuna kumbukumbu za wavuvi wenyewe, ambazo kila mtu anazitaja kama data. George Perry alivua besi wa rekodi, kilo 10 na kidogo, tarehe 2 Juni 1932 kule Georgia. Wavuvi husimulia kwamba siku hiyo shamba lilikuwa limelowa mno kulima, ndiyo maana akaenda kuvua. Umeona? Hali ya hewa ilichagua mtu wa kwenda ziwani. Siku ambazo hakuna aliyekwenda haziandikwi popote, na siku za kurudi mikono mitupu huandikwa na wachache sana.

Kama unatafuta mada ya utafiti, besi wapo Naivasha tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, waliletwa kutoka Marekani. Ziwa liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Presha huko ni kama hektopaskali 810, na hakuna mawimbi ya baridi ya kuipandisha na kuishusha kama Florida. Unachohitaji ni kipimajoto kilichofungwa kwenye kamba, daftari, na wavuvi watakaokubali kuandika sifuri.